The Killing Joke: je, kinafaa kusomwa, na kinaingia wapi katika historia ya Batman?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimetazama filamu za Batman tangu nikiwa shule ya msingi, lakini sijawahi kusoma kitabu chake hata kimoja. Binamu yangu anayeishi Uingereza amenitumia The Killing Joke na kuniambia kwamba hakuna kitabu cha Joker, adui mkubwa wa Batman, kinachokifikia. Nilipouliza kwa wanaofuatilia, wengine walisema hakihesabiki katika hadithi rasmi ya Batman, wengine wakasema kinahesabika tena sana. Je, kinafaa kuwa kitabu changu cha kwanza? Kinaingia wapi katika mwendelezo? Na mdogo wangu wa miaka 12 anasubiri nimalize ili na yeye akisome.

Jibu: Marahaba. Kisome, na usisubiri kusoma kingine kwanza. Mdogo wako usimpe, na sababu yake nitaieleza. Kuhusu mwendelezo, wale waliokujibu kwa namna mbili zinazopingana wote wana haki kwa kiasi fulani, kwa kuwa kitabu hiki kina sehemu mbili zilizopata bahati tofauti: habari kinayotupa kuhusu maisha ya zamani ya Joker haijawahi kufungwa kuwa historia yake ya kweli, lakini jeraha analopata Barbara Gordon, ambaye ndiye shujaa aitwaye Batgirl, liliingia katika hadithi rasmi na kukaa humo kwa zaidi ya miaka 20. Ili nikueleze hayo nitalazimika kutaja linalompata Barbara, jambo ambalo hutokea mapema katika kitabu. Ukurasa wa mwisho nakuachia mwenyewe.

Ni kitabu cha hadithi ya picha, na kilitolewa na DC, kampuni ya Marekani inayommiliki Batman, mwaka 1988. Mwandishi wake ni Alan Moore, Mwingereza ambaye wakati huo alikuwa ametoka kumaliza Watchmen, hadithi nyingine ya picha ya mashujaa, na mchoraji ni Brian Bolland, Mwingereza mwenzake, aliyekuwa amejulikana kwa michoro ya hadithi za Judge Dredd na Camelot 3000. Wino wa Bolland ni wa subira isiyo ya kawaida: kila unywele, kila kigae cha sakafu na kila kunyanzi la uso limechorwa kana kwamba ndilo peke yake litakalotazamwa. Hadithi yenyewe haifiki kurasa 50. Utaimaliza kwa nusu saa, kisha utairudia, kwa sababu ni kitabu kilichojengwa kwa namna ya kumlazimisha msomaji arudi nyuma.

Kisa kwa kifupi ni hiki. Joker anatoroka kutoka Arkham, hospitali ya wagonjwa wa akili, na kujichukulia kiwanja kibovu cha michezo ya watoto. Anakwenda nyumbani kwa Gordon, kamishna wa polisi, na Barbara, binti wa kamishna, anapofungua mlango anapigwa risasi inayoharibu uti wa mgongo. Joker anamteka baba, anamvua heshima yake na kumtesa, akitaka kuthibitisha dai moja tu: kwamba siku moja mbaya inatosha kumfanya mtu yeyote mwema awe mwendawazimu kama yeye. Katikati ya hayo tunaonyeshwa vipande vya zamani, ambamo kijana mmoja mchekeshaji asiyechekesha, mwenye mke mjamzito na kodi ya nyumba asiyoweza kulipa, anaingizwa katika wizi na wahalifu wanaomvisha kofia nyekundu inayofunika uso mzima.

Ukikisoma, tazama jinsi Moore na Bolland wanavyovuka kutoka wakati wa sasa kwenda wa zamani. Mara nyingi kisanduku cha mwisho cha tukio moja na cha kwanza cha tukio linalofuata huwa na umbo lilelile: mtu ameinama hivi leo, na wakati ule wa zamani mtu ameinama vilevile, mkono umenyooshwa upande huu, na upande wa pili mkono mwingine umenyooshwa. Hakuna maandishi yanayosema kwamba tumerudi nyuma miaka kadhaa, bali jicho lako linavushwa na mchoro wenyewe. Kitabu kinaanza kwa mvua inayodondokea dimbwini na kinamalizika hapohapo. Mambo haya filamu huyafanya kwa shida, ilhali hadithi ya picha huyafanya kwa ufundi wake wa asili, kwa kuwa visanduku vyote viwili vipo mbele ya macho yako kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo peke yake ningekwambia ukisome, hata kama usingejali Batman ni nani.

Sasa nije kwenye mwendelezo, maana hapo ndipo swali lako lilipo. Katika hadithi za mashujaa za Marekani, mwendelezo ni makubaliano kwamba jambo lililotokea katika jarida moja limetokea pia katika majarida mengine yote ya kampuni ile, na mwandishi wa kesho atalikuta na kuliheshimu. Batman alianza mwaka 1939 na Joker mwaka uliofuata. Wameandikwa na watu wengi mno kwa miongo mingi mno, na bado Batman hazeeki. Lazima tarehe zisogezwe na mambo mengine yafutwe. Sisi tuliokulia kwenye habari za Fumo Liyongo hatupati taabu kuielewa hali hiyo: wapo wanaomweka shujaa huyo katika karne za mbali sana na wapo wanaomsogeza karibu, ilhali sindano ya shaba iliyomuua haitoki katika masimulizi. Kwa Batman pia, wazazi wake hufa kwa risasi kichochoroni kila hadithi inapoanzwa upya, na yanayobaki huhamahama. Tofauti ni kwamba Liyongo hana mwenye mali, ilhali Batman anamilikiwa na kampuni yenye wahariri wanaokaa mezani na kuamua lipi lilitokea na lipi halikutokea.

Wahariri hao walikuwa wametoka kufanya uamuzi mkubwa muda mfupi kabla ya The Killing Joke. Kati ya mwaka 1985 na 1986 DC ilitoa mfululizo wa majarida 12 uitwao Crisis on Infinite Earths, ambao uliziunganisha dunia zake nyingi kuwa moja na kuruhusu historia za mashujaa ziandikwe upya. Mwaka 1987 Frank Miller na David Mazzucchelli wakaandika upya mwanzo wa Batman katika Year One. Kwa hiyo kitabu chako kilizaliwa wakati ambapo sheria za nyumba zilikuwa ndiyo kwanza zinapangwa, na Moore na Bolland hawakuonekana kujali sana sheria hizo. Kuna mahali Batman ameketi katika pango lake na mbele yake ipo picha ya familia yake ya zamani, akiwamo Batwoman wa miaka ya 1950, mtu ambaye kwa hesabu mpya za wahariri hakuwahi kuwepo. Ishara kama hiyo huniambia kwamba waliokitengeneza walikuwa wakimwaza Batman wa nyakati zote kwa pamoja, wakikusudia hadithi inayosimama peke yake.

Kuhusu asili ya Joker, hapo kitabu chenyewe kinakujibu. Habari ya kofia nyekundu haikubuniwa na Moore: ilikuwepo tangu mwaka 1951 katika toleo la 168 la Detective Comics, ambamo Joker alikuwa mwizi aliyejificha chini ya kofia hiyo kabla ya kutumbukia katika maji yenye kemikali. Moore aliichukua habari hiyo ya zamani na kuipa ubinadamu, akaongeza mke, umaskini na aibu ya mtu ambaye hakuna anayecheka anaposimama jukwaani. Lakini kabla kitabu hakijakwisha, Joker mwenyewe anakiri kwamba hakumbuki kwa uhakika, kwamba mara huikumbuka hivi na mara vile, na kama ni lazima awe na maisha ya zamani, basi afadhali awe na mengi ya kuchagua. Usilipite jambo hilo kama porojo za mhalifu, kwa maana kwa maneno hayo mwandishi anakunyang'anya kile ulichodhani amekupa. Yule kijana mchekeshaji uliyemhurumia yawezekana hakuwahi kuwepo. Anayekwambia kwamba The Killing Joke ndiyo historia rasmi ya Joker hajalisoma neno hilo vizuri.

Wewe uliyetoka kwenye filamu utalitambua wazo hili mara moja. Katika The Dark Knight ya mwaka 2008 Joker anaeleza asili ya makovu ya mdomo wake mara mbili, na maelezo hayo hayalingani. Katika Joker ya mwaka 2019 tunamwona mchekeshaji aliyeshindwa maisha. Filamu zote mbili zina damu ya kitabu hiki, ingawa kila moja ilirithi upande wake.

Kuhusu Barbara mambo yalikwenda njia nyingine, nami naona upande huu una uzito kuliko ule wa Joker. Batgirl, kwa umbo la Barbara Gordon, alitokea mwaka 1967, na kwa miaka mingi alikuwa msomi, mkutubi na mpiganaji anayejitegemea. Katika The Killing Joke hana vazi wala nafasi ya kujitetea. Anafungua mlango akiwa na nguo za nyumbani, anapigwa risasi, anavuliwa nguo na kupigwa picha, na picha hizo zinatumiwa kumtesa baba yake. Baada ya hapo kitabu kinamwacha hospitalini na kuendelea na ugomvi wa wanaume. Maumivu yake yanahesabiwa kwa kadiri yanavyomuumiza Gordon na kumkasirisha Batman. Nimekisoma kitabu hiki mara nyingi na ninakipenda kwa ufundi wake, lakini sijawahi kufika kurasa hizo bila kuhisi kwamba binti huyu amedhulumiwa mara mbili, mara ya kwanza na Joker na mara ya pili na waliomwandika. Moore mwenyewe alisema miaka ya baadaye kwamba aliomba ruhusa ya wahariri kabla ya kumlemaza, na kwamba hapo pengine walipaswa kumzuia. Amewahi pia kukikosoa kitabu kizima, akisema hakina jambo la maana kuhusu maisha ya binadamu. Katika hilo la pili sikubaliani naye kikamilifu, kwa sababu Gordon, mtu wa kawaida asiye na vazi wala kifaa, ndiye anayelikanusha dai la Joker kwa vitendo, na mimi naona hilo ni jambo la maana.

Kama The Killing Joke kingeachwa peke yake, ulemavu wa Barbara ungebaki humohumo, na jarida la mwezi uliofuata lingemwonyesha akiruka juu ya mapaa kama kawaida. Haikuwa hivyo. Mwaka huohuo wa 1988 lilitolewa jarida maalumu la Batgirl linalomwonyesha akiamua kuacha kazi hiyo, na DC ikaacha jeraha lisimame. Hapo ndipo walipotokea watu wawili ninaowaheshimu sana katika fani hii, John Ostrander na mkewe Kim Yale. Hawakuridhika na namna Barbara alivyotupwa pembeni, wakaamua kwamba kama risasi haifutwi, basi maisha baada ya risasi yaandikwe. Katika toleo la 23 la Suicide Squad, jarida jingine la DC, la mwaka 1989, ikatokea sauti ya mtu asiyejulikana anayetoa habari kwa njia ya kompyuta na kujiita Oracle. Msomaji hakuambiwa ni nani hadi toleo la 38, la mwaka 1990: alikuwa Barbara, katika kiti cha magurudumu, akiitumia akili ile ambayo majarida ya zamani yaliisifu bila kuitumia.

Huyu Oracle hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alijenga mtandao wa habari ambao Batman mwenyewe aliutegemea, akajifunza kupigana akiwa ameketi, na kuanzia mwaka 1996 akawa kiini cha majarida ya Birds of Prey, akimwongoza shujaa mwenzake Black Canary na baadaye wengine. Kwa wasomaji wenye ulemavu alikuwa jambo la nadra mno: shujaa wa daraja la juu anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye thamani yake haikungoja apone. Ndiyo maana DC ilipoanza upya majarida yake mwaka 2011 na kumrudishia Barbara miguu na vazi la Batgirl, kwa maelezo kwamba alitibiwa katika kliniki ya Afrika Kusini, furaha haikuwa ya wote. Gail Simone, aliyeandika majarida hayo mapya ya Batgirl, alikuwa ameandika pia Birds of Prey kwa miaka kadhaa na alijua vema kinachopotea. Tena angalia: hata katika mwanzo huo mpya, ambamo mambo mengi mno yalifutwa, risasi ya The Killing Joke haikufutwa. Barbara wa mwaka 2011 anaanza hadithi yake akiogopa bunduki na kuikumbuka siku ile mlangoni.

Kwa hiyo ukitaka kukiweka kwenye mstari, kiweke baada ya Barbara kuacha vazi la Batgirl na kabla ya kifo cha Jason Todd, yule Robin wa pili, yaani kijana msaidizi wa Batman, aliyeuawa na Joker katika A Death in the Family ya mwaka 1988 hadi 1989. Kifo hicho, kwa taarifa yako, kiliamuliwa na wasomaji kwa kura za simu, 5,343 dhidi ya 5,271. Nakitaja ili uone kwamba mwendelezo si maandiko matakatifu: kura 72 zingeegemea upande wa pili na historia ya Batman ya miaka iliyofuata ingekuwa nyingine kabisa. Mwaka 2020 DC ilirudi tena kwenye kitabu chako kwa Three Jokers, kilichoandikwa na Geoff Johns na kuchorwa na Jason Fabok, ambacho kinajaribu kujibu lile ambalo Moore aliliacha wazi. Hicho ningekuomba ukicheleweshe. Swali lililoachwa wazi kwa makusudi halipati faida kwa kujibiwa.

Huhitaji maandalizi yoyote kabla ya kukisoma. Yale unayoyajua kutoka kwenye filamu, kwamba Gordon ni kamishna, kwamba Joker hufungwa Arkham na kutoroka, kwamba Batman haui, yanatosha, na kitabu kimeandikwa kwa msomaji asiye na zaidi ya hayo. Unachohitaji ni kitu cha kusoma baada yake. Tafuta Oracle: Year One ya Ostrander na Yale, iliyochorwa na Brian Stelfreeze na kutoka katika toleo la 5 la The Batman Chronicles, mwaka 1996. Ni hadithi fupi inayoanza pale The Killing Joke kilipomwacha Barbara, kitandani hospitalini, na kufuatana naye hatua kwa hatua anapojifunza kuishi upya. Kwa maoni yangu hadithi hizo mbili zilipaswa kuuzwa katika jalada moja. Msomaji wa ile ya kwanza peke yake ameona mtu akiangushwa na akaondoka kabla hajamwona akisimama kwa namna yake.

Kuna jambo la rangi pia, kwa kuwa huenda binamu yako amekutumia toleo lolote kati ya mawili. Lile la 1988 lilitiwa rangi na John Higgins, nalo lina zambarau, manjano na rangi ya chungwa zinazowaka kama taa za maonyesho. Mwaka 2008, kitabu kilipotimiza miaka 20, Bolland alilitia rangi upya yeye mwenyewe: rangi zimetulizwa, kumbukumbu za zamani zimekuwa karibu nyeusi na nyeupe zikiwa na kitu kimoja tu chenye wekundu, na wekundu huo unazidi kadiri tunavyoikaribia ile siku mbaya. Ukiona kumbukumbu hizo zina rangi zote, unalo la Higgins au chapa iliyofuata hilo. Mimi napenda kumbukumbu za Bolland, kwa sababu zinakufundisha kusoma kwa jicho, lakini kile kiwanja cha michezo cha Higgins kinatisha zaidi, maana ulimwengu wa Joker haupaswi kuwa na rangi zilizotulia.

Mwisho, mdogo wako. Hatari si damu, kwa kuwa damu ameshaiona kwenye filamu nyingi. Hatari ni kurasa zile za Barbara na za baba yake kuvuliwa utu, ambazo mtoto wa miaka 12 ataziona waziwazi bila kuwa na uwezo wa kuhoji kwa nini zimeandikwa hivyo. Mngojeze hadi afike miaka 16 au 17, na siku hiyo msome pamoja. Kwa sasa mtafutie The Batman Adventures, majarida yaliyoanza kutolewa mwaka 1992 kwa kufuata katuni ya televisheni. Yana hadithi fupi zinazokamilika kila toleo, na michoro safi ambayo hata mtu mzima haichoki. Ukiweza kulipata toleo la 12, la mwaka 1993, anza na hilo. Humo Barbara anakwenda kwenye sherehe ya mavazi ya kuigiza akiwa amejishonea vazi la popo, wahalifu wanavamia, na anagundua kwamba hapo hakuna mwingine wa kuwazuia ila yeye.